Sentimita Kumi na Tano za Papa Évariste

Ijumaa tarehe 31 Mei 2019, saa kumi na nusu jioni, Bwana Évariste Mwilambwe atarudisha funguo za karakana ya ghorofa ya chini, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti kwa miaka ishirini na mitano. Tarehe hiyo imo kwenye barua yake ya kustaafu, imebandikwa jikoni juu ya birika la chai, na mwenyewe ameiandika kwa chaki mlangoni pa karakana, utadhani kuna mtu hapa anayeweza kuisahau. Mhariri wa jarida la kituo aliniomba mimi niandike ukurasa huu wa Kiswahili kwa sababu ukuta wa ofisi yangu ndio ukuta wa karakana yake. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine, nami nitaisema kabla ukurasa haujaisha.

Kwa walioajiriwa juzi na bado wanadhani kule chini kunatengenezwa viti, nieleze kidogo. Tangu mwaka 1991 kundi letu huenda Antaktika kila kiangazi cha kusini, hadi kwenye mto wa barafu wa Tverrholm. Huko kumesimikwa mianzi arobaini kwa mstari mmoja, kila mmoja na bendera yake ya kitambaa. Kila Januari hupimwa sehemu ya mwanzi iliyo juu ya theluji. Ikiwa mwaka jana ilionekana mita moja na nusu na mwaka huu ni mita moja, basi theluji ya nusu mita imeongezeka. Kazi ni hiyo tu, ila lazima ifanywe vilevile kila mwaka bila kuruka, kwa sababu mwaka mmoja hausemi neno na miaka thelathini husema mengi.

Papa Évariste, maana hivyo ndivyo anavyoitwa na kila mtu kuanzia mlinzi hadi mkuu wa kituo, hakuja hapa kutafuta theluji. Alizaliwa Likasi, akajifunza ushonaji Lubumbashi, akaingia Johannesburg mwaka 1993 na kuweka cherehani yake barazani pa nyumba moja ya Bellevue iliyogawanywa vyumba tisa. Mtu wetu mmoja alimpelekea hema lililochanika. Lilirudi na mshono ambao upepo wa Antaktika haukuweza kuufumua, na Mei 1994 akaajiriwa kushona mahema na bendera. Alijitambulisha siku ya kwanza kwa kukagua suruali ya mkuu wa wakati ule na kumwambia kwa adabu kwamba pindo la kushoto ni refu kuliko la kulia.

Mwaka 2007 fundi wetu wa mianzi, marehemu Lambert, alistaafu, na Papa Évariste akapewa msumeno wake. Theluji inapokaribia kuumeza mwanzi, watu wa barafuni huuunga: mwanzi mwembamba wa mita mbili huchomekwa ndani ya ule mnene kwa sentimita kumi na tano, ukapigwa pini. Vipande hivyo hukatwa hapa Johannesburg. Mwaka huohuo wa 2007 nami niliajiriwa, binti wa Tanga mwenye stashahada mpya na maringo mengi, kufanya hesabu upande wa pili wa ukuta.

Mambo ya kuchekesha juu yake hayaishi. Agosti 2012, theluji ilipoanguka Johannesburg na wafanyakazi wote wakatoka mbio kupiga picha, yeye alitoka na rula. Alipima theluji juu ya paa la gari la mkuu mahali pane, akaandika sentimita mbili, na kwenye daftari akaliita gari hilo mwanzi wa arobaini na moja. Hiyo ndiyo theluji pekee aliyowahi kuigusa. Karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kupanda meli, na zilipokuja karatasi nzuri, magoti yalikuwa yameshaharibika. Ameipima theluji kwa robo karne kutoka jiji lenye vumbi la machimbo, na sijapata kumsikia akinung'unika.

Sasa nifike Februari 2017, wiki ambayo wengi wenu mliisikia kwa minong'ono tu.

Jumatatu tarehe 13 tuliitwa chumba cha mikutano. Watathmini watatu kutoka nje walikuwa wamelinganisha hesabu zetu na vipimo vya rada ya ndege. Mianzi kumi na saba ilikubaliana na rada. Ishirini na mitatu ilionyesha theluji pungufu, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini hii na si ile. Hukumu yao ilikuwa fupi: mfululizo hauaminiki, mstari ufungwe. Kwa kuwa sheria za kule haziruhusu kuacha kitu kisichotumika, mianzi yote ingeng'olewa Ijumaa mchana kwa helikopta, na meli ingeondoka Jumamosi. Daktari Brigitte Naudé, mkuu wetu, alisoma barua yao bila kuinua macho. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imebakiwa na siku nne.

Jumanne Papa Évariste aliagizwa kushona magunia ya kurudishia mianzi. Hakushona. Alikuja ofisini kwangu akataka orodha ya ile ishirini na mitatu. Nilimpa ile ya watathmini, yenye wastani wa upungufu wa kila mwaka: sentimita moja na nusu, mbili na kidogo, moja na robo. Aliirudisha. Alisema kwake hajawahi kuingia mteja mwenye kiuno cha wastani, anataka jumla ya kila mwanzi. Nikazichapa jumla hizo, nikazisoma kwa sauti. Kumi na tano. Thelathini. Kumi na tano. Kumi na tano. Thelathini.

Alikaa kwenye kiti changu cha wageni. Kisha akaeleza. Kila fundi cherehani anapokata kitambaa huongeza nafasi ya mshono, la sivyo nguo humbana mteja. Ni jambo la mkono, halipiti hata kichwani. Lambert alikuwa akikata mita mbili kamili, na muungo ukila kumi na tano, mwanzi hupanda kwa sentimita mia moja na themanini na tano. Papa Évariste tangu siku ya kwanza alikata mia mbili na kumi na tano, ili baada ya muungo zibaki mita mbili kamili. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakujua kwamba kuna fundi asiyefanya hivyo. Na kwa kuwa watu wa barafuni siku hizo waliandika tu kwamba mwanzi umeungwa, hesabu iliyobaki ilifanywa hapa, ikitoa kumi na tano ambazo tayari zilikuwa zimefidiwa. Kila muungo wake ulikuwa umeiba theluji ambayo ilianguka kweli.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu, hakuna ambaye angegundua, na mstari ungefungwa kwa sababu zisizojulikana. Mimi, niseme kweli, nilitamani anyamaze. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi alivaa koti lake la kanisani akapanda ghorofa ya tatu kujishtaki, nami nikiwa nyuma yake na karatasi zangu.

Daktari Naudé alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: atajuaje muungo upi ni wa Lambert na upi ni wake? Vipande vya Lambert vilikuwa vimebaki ghalani na viliendelea kutumika, vikichanganyika na vipya, hadi mwaka 2014. Bila kuvitenganisha, maungamo yale yangezidi kuuzika mstari. Papa Évariste akasema anayo madaftari. Fundi wa kwao hapokei kazi bila kubana kwa pini kipande cha kitambaa kando ya vipimo vya mteja, na yeye alifanya hivyo kwa kila bendera, pamoja na urefu wa kipande ilichofungiwa. Watu wa barafuni nao huandika rangi ya bendera kila wanapounga. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilimwona Daktari Naudé akivuta pumzi.

Tatizo ni kwamba tangu bomba lilipopasuka karakanani mwaka 2014, madaftari yalikuwa nyumbani kwake La Rochelle. Mnakumbuka hali ya upande ule wiki ile. Rosettenville, mtaa wa jirani, nyumba zilizosemwa ni za wageni zilikuwa zimechomwa, watu walikuwa barabarani, na madereva wa taksi waligeuza kabla ya kufika. Alimpigia mkewe, mama Hélène, aliyekuwa amejifungia ndani tangu Jumamosi. Simu ilikuwa kwenye spika, sote tulisikia.

“Usikuye huku, papa. Batu beko mu njia.”

Alijibu kwamba atajaribu Alhamisi alfajiri. Mama Hélène akakata simu. Papa Évariste alibaki ameishika ile simu mkononi.

Alhamisi alfajiri taksi ilimshusha Turffontein, na polisi wakamrudisha. Saa nne asubuhi alikuwa ameketi kwenye ngazi zetu za mbele, viatu vimejaa vumbi, akipiga simu isiyopokelewa. Saa tano. Saa tano na nusu. Nimekaa Johannesburg muda wa kutosha kujua maana ya simu isiyopokelewa siku kama ile, na yeye anajua kuliko mimi. Sikuthubutu kumwambia atulie.

Saa sita na dakika kumi mama Hélène alikunja kona kwa miguu, kibeti kwapani, mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa blanketi kichwa hadi miguu. Alikuwa ametembea kutoka La Rochelle mpaka alipopata taksi, na simu ameizima ili isilie. Vijana waliosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakampisha, mmoja akamwelekeza njia isiyo na moshi, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa hasumbuliwi. Alipofungua kanga yakadondoka madaftari matatu mazito.

“Shika mutoto wako,” akamwambia mumewe. “Miaka kumi, na angali anabebwa!”

Papa Évariste alicheka huku akifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nililia waziwazi, sina la kuficha.

Mchana ule tulifanya kazi ambayo sitaisahau. Yeye akisoma kitambaa, mimi nikisoma kitabu cha barafuni: chungwa lenye mstari, kijani cha pazia, nyekundu ya nailoni. Miungo thelathini na mmoja ya ile mianzi iliyokataliwa, mmoja mmoja. Ilipotimia saa kumi, miungo thelathini ilikuwa imekaa mahali pake, na kila palipokuwa na kipande chake palikuwa na zile kumi na tano zilizopotea. Daktari Naudé aliitazama orodha akasema, bila ubaya, kwamba haitoshi. Daftari la mtu haliwezi kuwa shahidi wa kosa la mtu huyohuyo. Ni lazima mwanzi mmoja upimwe kwenye barafu kabla ya helikopta, nasi tutangulize kwa maandishi kipimo kitakachopatikana kutoka kwenye muungo hadi nchani. Refilwe, kiongozi wa kundi kule, alikuwa na muda wa kuufikia mmoja tu, ule wa jirani na kambi. Mwanzi wa kumi na saba.

Ndio uleule muungo mmoja uliokuwa umetushinda. Uliungwa Januari 2014, bendera ya bluu. Kwenye daftari kulikuwa na bluu mbili kwenye kurasa mbili, moja ya kipande cha Lambert na moja ya kipande chake, na kwenye kitabu cha barafuni aliyeandika hakujisumbua kusema ni bluu gani, ila kwamba kitambaa ni kizito na kigumu kukunja. Vipande vyote viwili vya kitambaa vilikuwa vimedondoka. Nani angejua kipi kilikuwa kizito? Kama tungeandika mia mbili na ikapatikana mia moja themanini na tano, basi hata ile miungo thelathini ingeonekana uongo.

Papa Évariste alivua miwani. Akapitisha ncha ya kidole kwenye ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, akarudia. Kwenye wa pili kulikuwa na matundu manne. Nailoni hubanwa kwa pini moja, alisema, na pini moja huacha matundu mawili. Matundu manne ni pini mbili, na pini mbili ni za turubai, kitambaa kizito. Ukurasa huo ulikuwa wa kipande chake. Akaandika mia mbili, akatia sahihi, akampa Daktari Naudé.

Ijumaa saa tano asubuhi simu ya setilaiti iliwekwa katikati ya meza. Refilwe na wenzake walikuwa wamechimba karibu mita nzima ya theluji iliyoshikana kama saruji kufikia mdomo wa mwanzi wa chini. Upepo ulikuwa ukivuma ndani ya simu hata tukawa tunasikia neno moja na kupoteza mawili. Helikopta ilikuwa imeshawashwa. Papa Évariste alisimama dirishani akiwa ametupa mgongo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Refilwe alisema namba. Hatukuisikia. Daktari Naudé akapiga kelele arudie, na Refilwe, kwa Kiingereza chake cha Soweto, akarudia mara tatu mfululizo: mia mbili, eish, mia mbili, mia mbili kamili.

Mianzi haikung'olewa. Inasimama hadi leo, imepimwa mara mbili tangu siku ile, na watathmini walewale wameandika kwamba mfululizo wetu ni miongoni mwa michache inayojua makosa yake kwa sentimita. Tuliposahihisha, upungufu wa theluji kwenye mianzi ya sehemu ya juu ya mstari ulitoweka. Kwenye mianzi tisa ya chini haukutoweka. Huko theluji inapungua kweli, na sasa hakuna awezaye kusema ni mkono wa fundi. Hivyo ndivyo Papa Évariste alivyokipa kituo hiki kitu kikubwa kuliko bendera zote alizoshona.

Na hapa ndipo ninapofikia sababu yangu.

Machi 2017 ulifanyika uchunguzi mfupi. Daktari Naudé aliuliza nani alikuwa na wajibu wa kuhakiki kipimo kabla ya kutoa kumi na tano. Ukutani kwangu palikuwa na karatasi ya siku za Lambert inayosema toa kumi na tano, na kwa miaka kumi nilitoa. Kipande chenyewe kilikuwa hatua sita kutoka mezani pangu, nyuma ya ukuta, na sikuwahi kuinuka hata siku moja na utepe nikakipima. Kuhakiki ilikuwa kazi yangu, imeandikwa kwenye mkataba wangu. Nilifungua kinywa. Mwezi uleule kibali changu cha kazi kilikuwa kinasubiri barua ya kituo, na Papa Évariste alijua, kwa maana mimi mwenyewe nilimlilia habari hiyo jikoni.

“Fundi ni miye,” alisema kabla sijatoa neno. “Kipimo ni yangu.”

Nikafunga kinywa. Akapewa onyo la maandishi, la pekee katika miaka ishirini na mitano, na mimi nikapata kibali. Kesho yake alinisalimu kama kawaida na kuniuliza kama nimekula. Kwa miaka miwili hakunidokezea hata kwa mzaha, naye ni mtu asiyeacha mzaha ukampita. Ningekuwa nimetukanwa, ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu iliyopita, tarehe 20 Mei, nilimkabidhi Daktari Naudé barua yenye sahihi yangu, nikieleza haya niliyoyaandika hapa na kuomba lile onyo liondolewe kwenye jalada lake kabla hajarudisha funguo, na kama ni lazima jalada fulani libaki nalo, basi liwe langu. Aliisoma mara mbili. Alisema lake litaondolewa, na kuhusu langu atanijibu Juni. Sawa. Nitasubiri.

Papa Évariste, kituo kizima kinakushukuru kwa mahema, kwa bendera, kwa mianzi, na kwa asubuhi ile uliyovaa koti la kanisani. Mama Hélène, asante kwa kumbeba yule mtoto. Tunawaombea nyote wawili afya, usingizi mzuri, majirani wema na miaka mingi isiyo na haraka. Mimi nina ombi moja nje ya hayo, na naliweka mbele ya watu wote kwa kuwa ulininyamazia mbele ya watu wote: nisamehe. Jalada lako sasa ni safi, kama lilivyostahili kuwa tangu mwanzo.

Bushra Ameir
Ofisi ya Hesabu